Sava ya Ruiru na Watoto Wake Watatu

Mwaka ule wa tisini na tisa nilikuwa mwalimu wa pekee katika chuo cha kompyuta chenye kompyuta tatu, na kufikia Agosti zote tatu zilikuwa zimekufa.

Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja mjini Thika, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la yunifomu za shule. Duka na chuo vilikuwa vya mama mmoja wa Majengo ambaye mji mzima ulimwita Hajjati. Bibi yake alikuwa Mkikuyu, babu yake Mnyamwezi, na yeye aliongea Kikuyu na wateja, Kiswahili na mafundi wa cherehani, na Kiingereza na barua za serikali peke yake. Alifungua chuo kwa sababu aliona kila mzazi aliyekuja kununua sweta alikuwa na kijana mwingine nyumbani aliyemaliza fomu foo na hana la kufanya. "Wakilipia sweta hapa chini," alisema, "wapande ngazi."

Kilichoziua kompyuta ni stima, yaani umeme wa mji. Ilikuwa inapotea bila kuaga, mara mbili au tatu kwa siku, na kila ikipotea, diski zilizo ndani ya zile mashine zilisimama kwa kishindo. Mwishowe zilianza kukwaruza, krrr, krrr, kisha zikanyamaza kabisa. Diski ndiyo inayoweka kila kitu. Skrini zilikuwa nzima, kibodi nzima, lakini ukiwasha unaambiwa kwa herufi nyeupe kwamba hakuna kitu humu cha kuwasha. Hajjati alikuwa ameshanunua diski mpya mara mbili, na mara mbili stima ikazila. Nilipotaja diski kwa mara ya tatu aliinua mkono.

"Mwalimu, hilo neno nisilisikie tena katika nyumba yangu."

Nilikuwa na wanafunzi watatu wa kufanya mtihani wa vitendo mwishoni mwa Septemba. Mmoja alikuwa mama aliyeuza mitumba Makongeni. Wa pili alikuwa msichana aliyefanya kazi katika kiwanda cha mananasi, ambaye vidole vyake vilikuwa na alama za miiba na bado aliandika haraka kuliko mimi. Wa tatu alikuwa mzee aliyestaafu kiwanda cha nguo, ambaye alisema anataka kujua kompyuta kabla kompyuta haijamjua yeye. Kwa mwezi mzima niliwafundisha ubaoni. Nilichora skrini kwa chaki, nikachora na kishale, nao wakawa wananyoosha kidole kwenye ubao na kusema "klik." Mzee alisema klik kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku moja Hajjati alienda Ruiru kupeleka makoti ya kazi katika shamba moja la kahawa lililokuwa linafunga ofisi yake. Kwenye korido akaona sanduku la chuma lenye urefu wa mtoto wa nasari, na juu yake chungu cha maua. Akauliza ni nini. Akaambiwa ni kompyuta kubwa ya ofisi, wanaiita sava, na hakuna anayeitaka. Akaacha makoti, akachukua sava. Ilifika Thika nyuma ya pikapu, imefunikwa leso kama bibi harusi.

"Nimekuletea mama yao," aliniambia, akionyesha kwa kidevu zile tatu zilizokufa.

Niliiwasha. Ilinguruma kidogo, maandishi yakapita mbio, kisha ikasimama kwenye skrini nyeusi yenye neno Linux na kishale kinachopepesa.

"Inasema nini?" Hajjati akauliza.

"Inauliza mimi ni nani."

"Si umwambie!"

"Nimemwambia. Hanitambui."

Ukweli ni kwamba Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ulio tofauti na Windows niliyofundisha, nilikuwa nimeisikia tu. Nilikuwa mwalimu wa aina ile inayosoma ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi, na ukurasa huo sikuwa nimeufikia. Niliandika jina langu, nikaandika la shamba la kahawa, nikaandika hata "tafadhali." Siku ya tatu nikajua dawa ni kumtafuta aliyekuwa fundi wake.

Karani wa shamba aliniambia yule fundi aliachishwa kazi na siku hizi anafuga sungura huko Mwihoko. Nikamkuta nyuma ya nyumba za kupanga, mtu wa miaka arobaini hivi, amevaa gambuti na sweta ya kufumwa, anawagawia sungura majani ya kabeji. Nilipomweleza, hakuuliza mimi nani wala ninalipa nini.

"Bado inanguruma upande wa kushoto?" akaniuliza.

"Inanguruma."

"Ni feni ya pili. Niliwaambia waibadilishe, wakaweka maua." Akafuta mikono kwenye sweta. "Paswadi siikumbuki. Lakini mlango wa nyuma naujua."

Alikuja Thika kesho yake akiwa na gambuti zilezile na mfuko wa plastiki uliojaa diski za CD. Alizima sava, akaiwasha, na kabla haijaanza kukimbia akaandika maneno mawili tu: linux single. Ikafunguka. Haikuuliza chochote. Nilikaa nikiitazama ile alama ya reli, #, ambayo maana yake ni kwamba sasa wewe ndiye mwenye nyumba, na nikahisi wivu, maana nilikuwa nimepiga hodi siku tatu.

Hajjati alisisitiza kuchagua paswadi mpya mwenyewe. Fundi akamgeuzia kisogo kwa adabu. Ilichukua dakika kumi, na tangu siku ile kila nilipotaka kufanya jambo kubwa ilibidi nishuke dukani, naye apande ngazi, aniambie nitazame ukutani, achape kwa kidole kimoja.

Lakini kulikuwa na tatizo bado. Mtihani ulikuwa wa Windows, na sava ilikuwa ya Linux. Tena ilikuwa moja, na wanafunzi ni watatu. Fundi alizunguka zile maiti tatu za kompyuta, akazifungua, akapuliza nyuzi za sweta zilizopanda kutoka kwenye cherehani za chini. Kisha akasema polepole, na mtu angedhani anatangaza mimba:

"Hii kubwa inaweza kuwa na tatu ndani."

"Tatu nini?" Hajjati akauliza.

"Kompyuta."

"Ndani ya kompyuta?"

"Ndani yake. Hazina chuma. Ni programu inayojifanya chuma. Kila moja inapewa kipande cha kumbukumbu na kipande cha diski, halafu tunaweka Windows humo kama kawaida."

Hajjati alivuta kiti akakaa. Alikuwa mfanyabiashara wa miaka mingi na alijua kuuziwa hewa kunavyoanza. "Na hizo za ndani," akasema, "zinaweza kuzaa zingine?"

Fundi alifikiri kwa makini. "Kwa hii memori, hapana."

Programu hiyo ilikuwa mpya kabisa duniani. Yeye aliipata kwenye CD iliyokuja na gazeti la kompyuta, na ilikuwa ya majaribio: siku thelathini, kisha inagoma. Tulihesabu kwenye kalenda ya duka. Tukianza Jumatatu, mtihani ungeangukia siku ya ishirini na saba.

Nilimwomba fundi asinifanyie. Nilitaka anionyeshe mara moja, kisha akae mbali. Alikubali, akawa anakaa dirishani akila mandazi huku mimi nachapa. Siku ya kwanza niliharibu. Sava ilikuwa na megabaiti mia moja ishirini na nane za kumbukumbu, nami kwa ukarimu wangu nikaipa kila kompyuta ya ndani sitini na nne. Nilipowasha ya pili, sava ilianza kupumua kama mtu aliyebeba gunia la viazi. Nilipowasha ya tatu, kishale kilienda upande mmoja wa skrini kikachukua dakika nzima kurudi.

"Piga hesabu," fundi akasema dirishani, bila kugeuka.

Sitini na nne mara tatu. Nilicheka kwa aibu. Nikaanza upya, nikazipa thelathini na mbili kila moja, na thelathini na mbili zikabaki kwa mama mwenyewe ale.

Na hapo ndipo kikatokea kitu ambacho sijakisahau. Katikati ya skrini kulifunguka kidirisha cheusi, na ndani yake herufi zikaanza kuhesabu namba zikipanda, kama kompyuta yoyote inavyofanya ikiwashwa asubuhi. Hajjati alikuwa amesimama nyuma yangu na futi ya kupimia shingoni.

"Inahesabu nini?"

"Kumbukumbu yake. Inajiangalia kama iko sawa."

"Inajua iko ndani ya nyingine?"

"Haijui. Inadhani ni kompyuta kamili."

"Basi tusiiambie," akasema, akashuka kwenda kumpima mteja.

Kuweka Windows mara tatu kulichukua siku mbili. Kisha fundi akanifundisha sehemu ya mwisho. Zile kompyuta tatu zilizokufa hazikuhitaji diski. Zilihitaji disketi moja ya kuziamsha tu, na zikishaamka zinatazama picha inayotoka kwenye sava, kama dirisha linalotazama ua wa jirani. Kazi yote ilifanyika kwenye sava. Tukaziunganisha kwa waya mweusi mmoja uliopita nyuma ya meza zote, na kila mwisho wa waya ukafungwa kifuniko cha chuma kidogo kama kofia. Kofia ikilegea, zote tatu zinaganda kwa pamoja. Mzee alikaa mwisho wa meza, na alikuwa na miguu mirefu.

"Mwarimu!" aliita siku ya kwanza. "Hii kitu imerara!"

"Hata yangu," akasema mama wa mitumba.

Nikapiga magoti, nikapapasa chini ya meza, nikakaza kofia. Nilifanya hivyo mara nne siku hiyo. Ya tano msichana wa mananasi alivua kitambaa chake cha kichwa akaufunga mguu wa mzee kwenye mguu wa kiti, na mzee mwenyewe akasaidia kukaza fundo.

Ni wao waliozibatiza zile kompyuta za ndani. Niliwaambia kila moja lazima iwe na jina ili sava ijue ipi ni ipi, nikitarajia moja, mbili, tatu. Mama wa mitumba akasema zimezaliwa kwa mpangilio, basi ni Kifungua Mimba, Wa Kati na Kitinda Mimba. Hivyo ndivyo nilivyoziandika. Kitinda Mimba ilikuwa na ukaidi kweli, ikikataa kuzima mpaka uiombe mara mbili, na mama huyo, aliyekuwa na watoto watano, hakushangaa hata kidogo.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi. Fundi hakuja, alisema kuna sungura anayezaa, lakini nadhani aliogopa. Mimi pia niliogopa, na si mashine tu. Sikujua kama tunaruhusiwa. Kwenye fomu ya baraza la mitihani niliandika kwamba tuna kompyuta tatu. Je, zilikuwa tatu? Nilimuuliza Hajjati kama nimweleze msimamizi wa mtihani mapema.

"Akiuliza, mwambie yote," alisema. "Asipouliza, mpe chai."

Msimamizi alikuwa bwana mwembamba mwenye tai ya kahawia na bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Alihesabu skrini tatu, akaandika tatu kwenye fomu, akakubali chai. Sava ilikuwa pembeni, tumeifunika leso ile ile, naye akaweka kofia yake juu. Wanafunzi wakaanza kuandika barua ya biashara. Saa nzima hakukusikika kitu ila vidole. Mguu wa mzee ulikuwa umefungwa.

Kisha stima ikapotea.

Skrini zote tatu zikawa nyeusi. Mama wa mitumba alitoa sauti, "Uuui!", akafunika mdomo. Msimamizi akatazama saa yake na kutikisa kichwa kwa huruma ya mtu aliyeona haya mengi. "Sheria ni kwamba stima ikirudi, mtahiniwa anaanza upya. Na muda hauongezwi. Pole sana."

Nilikuwa nasikiliza. Chini ya leso, chini ya kofia yake, feni ya pili ilikuwa bado inanguruma. Fundi alikuwa ameunganisha sava kwenye sanduku la betri alilolitoa kwake nyumbani, zito kama jiwe la kusagia, na alikuwa ameniambia litavumilia dakika ishirini, pengine ishirini na tano kama Mungu yuko upande wetu. Sikuwahi kulijaribu. Nilisimama nikiitazama saa ya ukutani. Mzee alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini na msimamizi akamwomba anyamaze.

Dakika ya kumi na saba stima ilirudi.

Nilipita na disketi, nikaziamsha zile maiti moja moja. Kwa haraka, kwenye mashine ya pili niliiingiza kichwa chini. Skrini ya kwanza ikafunguka, na barua ya mama wa mitumba ikawa pale, nzima, imekatika katikati ya neno alilokuwa analiandika, na kishale kinapepesa kikimsubiri. Kisha ya msichana. Kisha ya mzee.

"Haikurara!" mzee akasema.

Msimamizi alikuja polepole. Alisoma barua ya mzee tangu mwanzo. Akainama, akatazama nyuma ya mashine, akauliza: "Hii iliandikwa wapi?"

Sasa alikuwa ameuliza. Nilimwomba wanafunzi waendelee, akakubali, kisha nikafanya jambo la kijinga: badala ya kueleza, nikamfungulia ubavu wa mashine ya mzee, mwenyewe akiendelea kuchapa. Alipoona mahali pa diski pako wazi, na kipande cha uzi wa sweta ya bluu, uso wake ulibadilika.

"Hizo mbili nazo ziko hivi?"

"Ndiyo."

"Hazina diski? Sasa hawa watu wanaandikia hewani?"

"Hapana, bwana. Wanaandikia hapo ulipoweka kofia."

Nikamwondolea kofia, nikaondoa leso. Nilimwambia yote, kwa sauti ya chini ili wanafunzi wasisumbuke: sava ya Ruiru, Linux, kompyuta tatu zisizo na chuma, waya, betri. Nilimwonyesha kwenye skrini ya sava madirisha matatu, na katika kila moja barua inaandikwa, herufi baada ya herufi, kana kwamba hakuna mtu anayeiandika. Aliweka kiganja juu ya sava. Ilikuwa moto. Hakukitoa kiganja kwa muda mrefu.

"Huyu anafuta sana," akasema hatimaye, akionyesha dirisha la mzee.

Muda ulipokwisha alikaa na fomu yake. Niliona akifuta ile tatu, akaandika moja. Akatafakari, akaifuta, akaandika tatu tena, na pembeni kwa maandishi madogo akaandika maelezo ya mistari sita ambayo sikuthubutu kuyasoma. Hajjati alipanda na chai ya pili, na sambusa, akamuuliza ana watoto wangapi shuleni na saizi gani.

Matokeo yalichukua wiki saba. Kabla yake, siku ya thelathini na moja, programu iligoma kama ilivyoahidi. Kifungua Mimba na wenzake walikataa kuamka. Nilimuuliza fundi kama si tunaweza kurudisha saa ya sava nyuma, iamini siku thelathini hazijaisha. Hajjati alinisikia kutoka kwenye ngazi.

"Hiyo sasa ni wizi," alisema. Na ni yeye aliyenituma posta kutuma hawala ya kulipia leseni ya programu, akiwa amekasirika, lakini akanituma.

Bahasha ya matokeo ilipofika tuliifungulia dukani, kati ya soksi na mashati. Msichana wa mananasi alifaulu kwa alama za juu. Mama wa mitumba alifaulu. Mzee alianguka, na si kwa sababu ya stima wala Linux. Barua yake ilikuwa safi, lakini iliishia katikati kwa sababu alikuwa akiandika kwa kidole kimoja na akifuta, kama msimamizi alivyoona. Nilitafuta maneno ya kumpa pole. Yeye alikuwa anasoma karatasi mara ya pili.

"Kwani wameandika nirudie lini?"

"Machi."

"Basi niwekee Wa Kati," akasema. "Hiyo tumezoeana."

Fundi aliajiriwa kuja Jumanne na Alhamisi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba feni ya pili ibadilishwe, na aliibadilisha mwenyewe siku ya kwanza, amelala sakafuni na gambuti zikitokeza chini ya meza. Mimi niliendelea pale miaka miwili zaidi, na Machi ilipofika mzee alifaulu kwa alama mbili juu ya mstari. Alinunua soda kwa kila mtu, pamoja na washonaji, na akataka pia kuacha moja juu ya sava. Tulimkatalia, isije ikamwagika ndani ya mashine.